Safu ya tatu: shajara ya daftari la upasuaji kwa madaktari tarajali

Januari 9

Nimenunua kaunta buku la kwaya tatu na kalamu za rangi tatu. Kazi yenyewe ni kuwaandikia madaktari tarajali wetu, pamoja na madaktari wasaidizi wanaokwenda wilayani, zile operesheni tunazozifanya kila wiki, kwa Kiswahili kilekile wanachoongea na mgonjwa. Vitabu vyao vya Kiingereza vibaki palepale. Mtihani watafanya kwa Kiingereza na sina ugomvi na hilo, ila mgonjwa hafanyi mtihani.

Kilichonisukuma ni neno moja. Mwezi uliopita orodha ya thieta ilibandikwa ukutani, na mbele ya jina la mzee mmoja pameandikwa "mshipa, kulia". Nesi akaisoma, akaandaa seti ya busha. Tarajali akaisoma, akajua ni ngiri, yaani utumbo unaosukuma nje kinenani, akakesha na ukurasa wa ngiri. Mzee mwenyewe alikuwa navyo vyote viwili: busha kulia, la miaka na miaka, halimsumbui kitu, na ngiri kushoto, ambayo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Tuliokolewa na sista wa usingizi. Kabla ya kumchoma sindano ya mgongo alimuuliza, "Shikamoo mzee. Leo wanakutengeneza wapi?" Mzee akashika kushoto.

Sisi watu wa pwani tumelibebesha hili neno mzigo usio wake. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, ngiri ni mshipa, busha nalo mshipa, na mtu akiumwa kiuno atakwambia mshipa umemkaza. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari hauna kisu wala uzi. Una maneno tu, na sheria moja: kwenye fomu ya ridhaa na kwenye orodha ya thieta, "mshipa" ni marufuku.

Operesheni nilizochagua ni saba: busha, ngiri ya kinena, kidole tumbo, upasuaji wa kujifungua, jipu, tohara, na kufungua tumbo kwa dharura. Nilitaka kuingiza tezi dume nikajizuia.

Januari 17

Busha limekwisha, kurasa sita. Nilianza nalo kwa sababu huku kwetu halikosekani kwenye orodha.

Busha ni maji yaliyojaa katikati ya tabaka mbili za utando unaoifunika korodani. Mengi ya pwani chanzo chake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mirija ya limfu ya pumbu na kinena, mirija inatanuka na kuharibika, na maji yaliyokuwa yakifyonzwa yanabaki.

Kumtofautisha mwenye busha na mwenye ngiri, kila tarajali ana haraka ya kuchukua tochi. Ni kweli, gizani maji hupitisha mwanga mwekundu. Lakini busha la miaka ishirini huwa na mfuko mnene kama ngozi ya ngoma, mwanga haupiti; na kwa mtoto mchanga mwanga unaweza kupenya hata utumbo. Jaribio ninaloliamini ni la vidole viwili: shika juu ya uvimbe. Vidole vikikutana na kuipata kamba ya mbegu peke yake, ile inayoning'iniza korodani, ni busha. Uvimbe ukiendelea kupanda kinenani na vidole vikakosa pa kukutana, hiyo ni ngiri. Anayeruka hatua hii na kuchoma sindano anyonye maji, siku moja atanyonya kinyesi.

Zamani ndivyo walivyofanya, kutoboa na kukamua maji, na maji yakarudi, kwa kuwa utando unaoyatoa umebaki mzima. Winkelmann mwaka 1898 na Jaboulay mwaka 1902 wakaja na wazo la kuupindua mfuko, sehemu ya ndani ikae nje. Mwaka 1964 Peter Lord akaonyesha njia ya kuukunja kwa nyuzi bila kuuchambua sana, damu ikapungua. Njia ya Lord ni nzuri kwa mfuko mwembamba. Mfuko mnene wa matende haukunjiki. Sisi tunaukata, tukibakiza ukingo mdogo karibu na korodani.

Hapo ndipo tarajali wa kike, mwenye macho makali, aliponiuliza mezani: "Dokta, mbona tunashona ukingo wote kuzunguka, wakati hakuna panapovuja?" Nikamjibu, ukingo huu ukiuona mkavu sasa hivi mgonjwa amelala, shinikizo limeshuka. Jioni akisimama ndipo mishipa midogo inafunguka, na pumbu ni ngozi iliyolegea, haina cha kuibana damu. Nimewahi kumrudisha mtu mezani usiku, pumbu limejaa damu kuliko busha lenyewe lilivyokuwa. Ukingo wake niliuacha bila kushona kwa sababu ulikuwa mkavu.

Nimerudi nyumbani nikachora upya kurasa zote sita. Nilikuwa na safu mbili, "Hatua" na "Mkono unavyofanya". Nimeongeza ya tatu: "Kosa lililoizaa".

Januari 30

Ngiri. Nimehangaika wiki mbili kuchora tabaka za kinena, na mchoro wangu unafanana na kitumbua. Nikaamua kwenda kwa fundi cherehani wa mtaani anishonee.

Tumekubaliana hivi. Khaki ngumu ndiyo utando wa nje, ule unaong'aa, nyuzi zake zikielekea chini na katikati. Fulana nzito ndiyo misuli ya ndani. Kitambaa chepesi cha bitana ndicho ukuta wa nyuma, palipo udhaifu. Kamba ya katani ndiyo kamba ya mbegu, na juu yake uzi wa sufi wa njano: mshipa wa fahamu. Uzi ule nimeagiza uwe mwembamba makusudi, ili ukatwe kwa urahisi. Tarajali akiukata kwenye kitambaa atasikitika. Akiukata kwa mtu, mtu huyo huenda akaishi na maumivu ya kinena au ganzi ya paja kwa miaka.

Fundi aliniuliza shimo lile tunaliziba vipi. Nikamweleza njia ya Edoardo Bassini wa Padua, Italia, aliyeianza mwaka 1884. Bassini kinena alikijua mwilini mwake: akiwa kijana vitani Villa Glori, mwaka 1867, alichomwa singe palepale kinenani. Kabla yake madaktari walifunga mdomo wa ngiri kwa nje na ikarudi kwa wengi. Yeye akafungua njia nzima, akaujenga ukuta wa nyuma kwa kuivuta misuli ya juu na kuishona kwenye kano ya chini ya kinena. Alipotangaza wagonjwa 262, kurudi kwa ngiri kulikuwa kwa wachache mno ukilinganisha na wenzake.

Fundi akatikisa kichwa. Akachukua suruali iliyokuwa inasubiri, imechanika makalioni, akazivuta kingo mbili zikutane. "Hii nikiishona hivi, dokta, leo itapendeza. Akiinama, itachanika pembeni ya mshono. Hapa ni kiraka tu."

Nilikaa kimya kidogo. Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles walilisema jambo hilohilo miaka ya 1980: usivute, weka wavu wa plastiki, polipropilini, uliolala bila mvuto. Mwaka 1989 walichapisha wagonjwa 1,000. Na safu ya tatu ikapata mstari wake: wavu usiishie kwenye mfupa wa kinena, upite karibu sentimita 2 kwa upande wa katikati, kwa kuwa ngiri inayorudi baada ya wavu hupenda kupitia kwenye upenyo uleule wa mfupani. Fundi hakushangaa. Kiraka kisichopita mpaka wa tundu si kiraka.

Nimeongeza na habari ya jirani zetu. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 walifanyiwa upasuaji huu, nusu kwa wavu wa kiwandani wa bei kali, nusu kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Matokeo yalitoka mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri iliyorudi ni moja tu kwa wa chandarua, na kwa wa kiwandani hakuna. Nimeandika kwa wino mwekundu kwamba si chandarua cha kitandani chenye dawa ya mbu, kwa sababu namjua tarajali mmoja ambaye angejaribu.

Februari 6

Umeme umekatika siku tatu mfululizo, jenereta ni la thieta tu. Sijaandika kitu.

Februari 14

Kidole tumbo. Nimelijaribu rasimu kwa tarajali wanne na limeanguka vibaya.

Niliwapa kurasa wasome nusu saa, kisha nikawaambia wanieleze operesheni. Wote wanne walijua pa kukata: vuta mstari kutoka mfupa wa nyonga wa mbele kwenda kitovuni, theluthi ya kwanza ukitokea kwenye mfupa. Hiyo ni nukta ya McBurney ya mwaka 1889 na kila mwanafunzi anaiota. Nilipouliza, "Ukifika kwenye msuli?", watatu walisema wanakata.

Kosa ni langu. Niliandika "pita kwenye msuli". Kwa Kiswahili mtu anapita popote kwa namna yoyote, hata kwa panga. Nimeandika upya: *Msuli haukatwi. Nyuzi zake hutenganishwa.* Tabaka la nje lina nyuzi zinazoshuka kama mkono unaoingia mfukoni mwa suruali. Tabaka la chini yake limekwenda kinyume. Ukizitenganisha kila moja kwa mwelekeo wake, ukitoa vyuma vya kutanua kidonda mwishoni zinajifunga zenyewe, moja juu ya nyingine, kama mkeka uliosukwa. Ukikata, umeacha mlango, na ngiri ya kovu itakuja kuusukuma.

Na tena: waliandika kwamba wanatafuta kidole tumbo. Hapana, unatafuta utumbo mpana. Ncha ya kidole tumbo hutangatanga, nyuma, chini, nyongani, lakini shina lake halihami: ni pale mikanda mitatu ya utumbo mpana inapokutana. Fuata mkanda, utafika. Nimemwona mtu akichakura dakika arobaini kwa sababu alikuwa anatafuta ncha.

Historia ya kidole tumbo ina utamu wake. Wa kwanza anayejulikana kukitoa ni Claudius Amyand, London, mwaka 1735, na hakukusudia. Alikuwa anamtibu mtoto wa miaka 11 mwenye ngiri iliyokuwa inavuja, akaikuta ngiri imebeba kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Bila nusu kaputi, maana nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846, miaka 111 baadaye. Ugonjwa wenyewe ulikuja kupewa jina na Reginald Fitz mwaka 1886. Mwaka 1902 mfalme Edward wa Saba wa Uingereza aliahirisha kutawazwa ili Frederick Treves amkamue usaha wa kidole tumbo. Na mwaka 1961 Leonid Rogozov, daktari pekee kwenye kituo cha Warusi huko Antaktika, alijitoa chake mwenyewe kwa ganzi, kioo na vidole. Nimemweka Rogozov kwa wale wanaolalamika kwamba taa ya thieta yetu ni hafifu.

Nimeongeza ukurasa mmoja ambao vitabu vya wenzetu huupitia haraka: si kila tumbo la kulia ni kidole tumbo. Mwanamke wa umri wa kuzaa, pima mimba kwanza, huenda imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Mwenye homa ya wiki mbili kabla ya tumbo kukaza, fikiria taifodi iliyotoboa utumbo mwembamba. Huyo mkato mdogo wa McBurney hautamfaa, utajikuta unafungua tumbo mara ya pili katikati.

Machi 2

Upasuaji wa kujifungua. Sura hii niliiogopa, kwa sababu tarajali wanaiona kuwa rahisi. Wanaifanya mara nyingi kuliko nyingine zote na hawaiulizi maswali.

Nimeianza Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa Kinyoro akimpasua binti wa miaka kama ishirini, uzazi wake wa kwanza. Felkin aliyaandika aliyoyaona kwenye jarida la udaktari la Edinburgh mwaka 1884, na nimeyafuata hatua kwa hatua, kana kwamba mganga yule ni bingwa wetu wa zamu.

Binti amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelewa nusu. Mganga ananawa mikono kwa pombe hiyohiyo, analiosha na tumbo. Mkato mmoja wa haraka, katikati, kutoka chini ya kitovu. Mishipa inayovuja inaguswa kwa chuma kilichookwa moto. Mtoto anatolewa, kisha kondo. Mganga anaubana mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka unakaza. Kisha kabla ya kufunga, anamgeuza mama ili majimaji yote yamwagike nje. Ngozi inafungwa kwa vyuma vyembamba saba vilivyosuguliwa vikang'aa, vikazungushiwa uzi wa magome. Juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa moto, na kitambaa. Vyuma vilitolewa kwa awamu, siku ya 3, ya 5 na ya 6. Siku ya 11 kidonda kimepona, mama na mwana wazima.

Ulaya ya miaka hiyohiyo, mama kuamka baada ya operesheni hii ilikuwa bahati. Eduardo Porro wa Pavia, mwaka 1876, alimwokoa mama kwa kuukata mfuko wa uzazi na kuutupa, maana wengi hawakuamini kwamba unaweza kushonwa. Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyesisitiza mwaka 1882 kwamba mfuko ushonwe.

Nilipowasomea, tarajali mmoja alisema kwa fahari, "Kumbe wetu walijua!" Nikamwambia subiri. Mganga wa Kahura naye hakuushona mfuko. Kilichomsaidia ni kuubana mpaka ukaze, na hiyo ndiyo hatua mnayoiruka mkiwa na haraka ya uzi. Sipendi historia ya kujipongeza. Nataka waone mkono unaolibana tumbo, na waulize kwa nini ulikuwa pale. Mama anayevuja damu baada ya upasuaji, mara nyingi mfuko umelegea, na uzi hauwezi kukaza msuli uliolegea.

Safu ya tatu ya mkato wa chini, ule wa kulala, nimeijaza kwa Munro Kerr wa Glasgow, aliyeupigania miaka ya 1920. Mkato wa juu wa kusimama unapita kwenye msuli mnene unaokazana kila uchungu unapokuja, na kovu lake linaweza kupasuka kwenye mimba inayofuata. Chini msuli ni mwembamba na umetulia. Lakini kibofu kipo hapohapo kinakusubiri, kisukume chini kwanza. Sentensi hii nimeipigia mstari mara mbili.

Machi 11

Leo hakuna sura mpya. Gozi imepotea, kitambaa cha kufyonzea damu.

Tumbo la dharura, utumbo mpana umejisokota, kazi ya saa mbili na nusu. Kabla ya kufunga, sista akahesabu: tisa. Tulianza na kumi. Akahesabu tena, tisa. Nikaingiza mkono kila pembe, chini ya ini, chini ya wengu, nyuma ya mfuko wa uzazi. Hakuna. Tukamwaga ndoo ya taka sakafuni, tukafungua furushi moja moja. Dakika ishirini na tano mgonjwa yuko wazi. Ikaonekana imeganda chini ya buti la tarajali, imekanyagwa, imekuwa bapa kama chapati.

Alikuwa analia. Nilimpa kalamu aiandike mwenyewe.

Usiku nimeandika ukurasa wa orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ile yenye vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Tarajali wanadhani ni karatasi ya wazungu. Ilijaribiwa katika miji minane, na mmoja wao ni Ifakara. Matokeo ya Januari 2009, miji yote kwa pamoja: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Lakini nimeweka na habari ya pili, ili wasiifanye hirizi. Mwaka 2014 watafiti waliangalia hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizotakiwa kuitumia, na hawakuona mabadiliko ya maana. Karatasi inaweza kujazwa alama za vema na mtu aliye nje anavuta sigara. Sista wetu alihesabu kwa sauti, na alipopata tisa alikataa kunipa uzi wa kufungia.

Machi 19

Jipu, kurasa mbili zinatosha. Kabla ya kukata uvimbe wowote wa shingo, kinena au nyuma ya goti, weka vidole usikilize: kama unadunda, weka kisu chini. Ganzi haishiki vizuri penye usaha kwa sababu pana asidi, kwa hiyo usimwambie mgonjwa hatasikia kitu. Mkato uwe mpana, kidole kiingie kivunje vyumba vyote, na mdomo usishonwe. Wanaoshona wanafungia mwizi ndani.

Tohara nimeianza tu. Nimeweka Orange Farm ya Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda, majaribio matatu yaliyoonyesha kwamba hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya ukimwi inapungua kwa takriban asilimia 60, na mstari mwekundu kuhusu mashine ya umeme ya kuchoma mishipa: ile inayohitaji sahani pajani isitumike kwenye uume. Yaliyobaki nitaandika nikishaongea na ngariba mmoja mstaafu, maana watu wake bado wanakuja kwetu na yeye anajua wanachoogopa.

Machi 28

Hali ya mradi: sura tano zimekamilika, tohara nusu, kufungua tumbo kwa dharura bado kabisa. Kitambaa cha pili cha fundi kimekuja kibaya, nyuzi za khaki zimeelekea upande usio wake. Nimekirudisha. Amesema nimlipe kwanza cha kwanza.

Daftari sasa linakaa thieta, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya sista ili lisitembee. Asubuhi hii nimekuta mwandiko usio wangu, sura ya kidole tumbo, safu ya tatu, chini ya maneno yangu kuhusu msuli:

"Nilikata. Ulitoka damu dakika kumi. Saa nane usiku."

Hakuna jina. Nimeongeza tarehe pembeni nikafunga daftari.